Mfuko Uliorudi Umefungwa

Kila Jumapili baada ya misa, wazee waliowahi kuvaa sare ya jeshi la anga kule ng'ambo ya mpaka hukutana kwenye baa moja ya mtaa wa Mbugangari, hapa Gisenyi, kudanganyana. Nasema kudanganyana kwa sababu sina neno jingine. Mimi ni mmoja wao, kwa bahati mbaya, na ni mwanamke peke yangu kwenye meza ile. Naenda kwa sababu sambaza za pale, vile visamaki vya ziwani, zinakaangwa vizuri, zinakauka hadi kichwa kinaliwa, na kwa sababu ukiwa mjane wa umri wangu Jumapili ni siku ndefu sana. Siendi kutafuta hekima. Hekima pale hakuna.

Wote tulizaliwa Kongo, tukaingia jeshini tungali vijana wabichi, tukapelekwa kwenye kambi moja mbali kabisa upande wa magharibi, ambako joto lilitaka kututoa roho na amri zote zilikuwa kwa Lingala. Sisi tuliokulia Kiswahili na Kinyarwanda tulijifunza lugha ile kwa kuanzia matusi, maana ndiyo yaliyotufikia kwa wingi. Miaka ikapita, kila mtu akaacha jeshi kwa njia yake, tukarudi huku kwa babu zetu, na leo sisi ni wazee wa Gisenyi wenye magoti mabovu. Hayo ndiyo ya kweli. Mengine yote utakayosikia mezani pale, gawa nusu, halafu ile nusu itupe ziwani.

Mkubwa wa waongo tunamwita Kamanda. Hajawahi kuamuru kitu maishani mwake, hata mbwa wake akimwita haji. Ana bereti ya bluu ambayo anasema alivishwa na jenerali. Aliitoa kwenye mitumba hapa hapa mjini, nikiwa nimesimama kando yake natafuta sweta. Akifika baani anaivua polepole, anaiweka juu ya meza mahali ambapo watu wote wataiona, anakohoa, kisha anaanza.

Anapenda kusimulia kituo chake cha kwanza baada ya mafunzo. Ukimsikiliza utadhani alilinda anga la nchi nzima peke yake. Loo! Nilikuwa nakijua kituo kile. Kulikuwa na kiwanja cha majani, banda la bati, na ndege moja isiyokuwa na injini. Injini ilikuwa imepelekwa kutengenezwa na haijarudi mpaka leo. Kamanda na bunduki yake walilinda ndege ile tangu alipofika mpaka alipohamishwa, na adui pekee waliyepambana naye ni mbuzi wa padri waliokuja kulala kwenye kivuli cha bawa. Lakini sasa mbuzi wamekuwa waasi, na bawa limekuwa la ndege ya kivita.

Wa pili kwa uongo ni mzee mmoja mnene, ambaye kazi yake jeshini ilikuwa kujaza upepo kwenye magurudumu. Kazi nzuri, siidharau, ndege haitui kwa tumbo. Lakini yeye mwenyewe anaidharau, ndiyo maana kila Jumapili anaipandisha cheo. Mwanzoni alikuwa fundi wa magurudumu, mwaka uliofuata akawa fundi wa injini, na sasa hivi, Mungu wangu, ameanza kusema "siku ile nilipoushika usukani". Nani alikupa usukani wewe? Hata baiskeli anaisukuma kwa mkono kwa kuogopa mteremko wa Nengo.

Alfajiri kule kambini walitupanga bega kwa bega, tukatembea njia yote ya kurukia ndege tukiokota vijiwe, kwa sababu kijiwe kidogo kikivutwa na injini kinaiua. Wanaume hawa waliokota vijiwe mpaka migongo ikawauma, wakaimba huku wakiokota, wakapigwa mateke walipokiacha kimoja. Leo wanaiita "doria ya asubuhi". Ati doria!

Na mimi? Mimi nilikuwa nakunja miavuli ya kurukia, parashuti. Tulikuwa wanawake wachache kwenye chumba kirefu chenye meza ndefu kupita kanisa dogo. Kitambaa kikishaletwa kutoka uwanjani, unakipekua kipande kwa kipande kutafuta tundu, unanyoosha kamba moja moja, unakunja, unabana, unaingiza kwenye mfuko, unafunga mdomo wa mfuko kwa uzi maalumu. Mtu akiruka, kamba iliyofungwa ndani ya ndege inaukata ule uzi, mfuko unafunguka, kitambaa kinatoka. Ukikosea mkunjo mmoja, mtu anafika chini kabla ya kitambaa. Wanaume wa meza ile wananiita fundi wa mashuka. "Mama ya mashuka amefika, mumupe kiti!" Wanacheka mpaka wanapaliwa. Kila mmoja wao aliyewahi kuruka aliruka akiwa amebeba mikono yangu mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuninunulia bia.

Chumba chetu kilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza: mwalimu aliweza kuingia wakati wowote, akavuta mfuko wowote kwenye rafu, akamwambia aliyeukunja, vaa, twende. Ukikataa, ina maana huamini kazi yako, na huna kazi tena. Nilivaa, nikapanda, nikaruka. Sikuogopa. Sisemi hivi kwa kujigamba kama wale, nasema kwa sababu nilijua nilichokunja.

Desturi ya pili haikuwa amri ya mkubwa yeyote, ilikuwa yetu sisi wakunjaji. Wakati mwingine mfuko ulirudi kutoka angani umefungwa vile vile, uzi haujakatika, hauna nyasi wala tope. Maana yake mtu alifika mlangoni mwa ndege, akaona dunia ilivyo mbali, akarudi kukaa. Mfuko kama huo tuliufungua kimya, tukaukunja upya, tukaurudisha kwenye rafu. Hakuna aliyeuliza ni wa nani, hata kama asubuhi ulimpa mwenyewe mkononi na unamjua. Mtu akichekwa leo, kesho hapandi kabisa. Kwa hiyo mkunjaji hasemi. Nilinyamaza miaka yote hiyo, na huku mezani nikinyamaza nilikuwa nawasikiliza wakiruka kama mwewe.

Sasa, mjukuu wangu. Ni mtoto wa binti yangu, amemaliza shule pale Nyundo, ana akili za hesabu na miguu mirefu. Alichaguliwa kwenda kusomea urubani jeshini, ambako kila mwanafunzi huanza kwa kuruka na mwavuli. Siku taarifa ilipofika nilipiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna harusi. Alitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa kama anakwenda au hapana, na yule mtoto hakujibu. Jumatatu hakujibu, Jumatano hakujibu, akaomba waongeze wiki moja, wakamwongezea. Alikuwa anakaa na simu mapajani, anaitazama. Chakula anakichokoa tu.

Mimi nikajua tatizo ni mama yake. Binti yangu anaogopa hata ngazi ya kuanikia nguo, na kila jioni alikuwa anamlilia mtoto: kazi hiyo ni ya wanaume, nani atakuoa, utakufa. Nikamwambia mjukuu asimsikilize. "Moyo wa kuruka uko kwenye damu yako," nikamwambia. "Wewe si kama hawa." Aliitikia kwa kichwa tu, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kamanda alipopata habari akasema, "Mulete Yenga, tumufundishe." Yenga ndiyo Jumapili. Mwenzangu, ningekataa! Lakini niliona nafasi. Nilitaka mtoto awaone kwa macho yake wanaume wanaosema kazi ile ni ya wanaume. Nilijua akikaa nao nusu saa tu atakwenda kujibu ndiyo kwa hasira.

Basi tukafika, akawasalimia wote kwa mikono miwili, akakaa pembeni yangu na soda yake. Wakaanza. Mungu anisamehe, sijawahi kusikia uongo wa kiwango kile. Ilikuwa kama wamefunga wiki nzima kujiandaa. Yule wa magurudumu alitua ndege usiku bila taa. Kamanda aliruka juu ya msitu, akatua kwenye mti, akashuka na sigara ingali mdomoni.

"Mi, mulango ikifunguliwa," akasema Kamanda, amesimama kabisa, mikono imetanuka, "nilikuwa naruka mbele ya batu bote! Mwalimu ananishika shati: ngoja kwanza, ngoja kwanza! Mi siwezi kungoja. Donc, basi, ule woga batu banasema, mi siyui iko na rangi gani."

Mjukuu wangu alikuwa amemkazia macho. Soda hajaigusa.

"Lakini mutoto mwanamuke," Kamanda akaendelea, akakaa, akashusha sauti kama padri kwenye kitubio, "nakuambia ukweli, juu ya kukupenda. Pale ku mulango haiko mahali ya mwanamuke. Roho yenu iliumbwa ingine. Utafika pale, miguu itakataa. Kaa tu hapa, tutakutafutia kazi muzuri ya biro, ya kukaa ku meza."

Nikamwona mtoto anaitikia kwa kichwa. Anaitikia! Yule mtoto mwenye akili za hesabu, anamwitikia mlinzi wa mbuzi! Nikaisukuma sahani kando.

"Mfuko wako ulirudi umefungwa," nikamwambia.

"Nini?"

"Usijifanye kiziwi. Mfuko wako. Ulirudi kwangu umefungwa, uzi haujakatika. Asubuhi nilikupa mkononi, jioni ukanirudia vile vile, safi, kama mkate wa dukani. Nikakunja upya. Ukarudi tena umefungwa. Nikakunja tena. Ukarudi tena! Ulichosha mikono yangu, mwanaume wewe! Halafu unakuja hapa kumwambia mtoto wangu habari za roho ya mwanamke? Mimi niliruka. Niliruka na mfuko wangu mwenyewe wakati wewe umekaa ndani ya ndege unashika benchi. Mimi ndiye mwenye roho hapa. Ninyi wengine ni domo tupu!"

Wa magurudumu alianza kucheka, nikamgeukia, akaacha. Aliyekuwa anakaanga sambaza akatoa kichwa dirishani. Nilijisikia vizuri, sitaficha. Nilijisikia kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nikamgeukia mjukuu wangu ili nimwone akitabasamu.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Kamanda.

Kamanda alikuwa ameichukua ile bereti kutoka mezani, ameishika mapajani kwa mikono miwili. Nilidhani ataondoka. Nilidhani atatukana, nikajiandaa na yangu. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Yewe. Ni kweli."

"Ni kweli nini, sogokuru?" mtoto akauliza. Alimwita babu. Mimi ndiye nyogokuru wake, bibi yake wa damu, na babu yake tulimzika. Yule mtu hata si ndugu.

"Nilikuwa narudi kukaa. Miguu ilikuwa inakataa. Minaambia miguu twende, inasema hapana. Batu banapita kando yangu, banaruka, mi niko pale nashika chuma. Tukitua, bananibebesha ule mufuko ku kichwa, nazunguka kiwanja, nalia, naimba. Usiku natapika. Nilitaka kutoroka, ila sikuyua njia ya kufika kwetu."

"Halafu?" Mtoto amesogeza kiti. Amesogeza kiti chake kutoka upande wangu kwenda upande wake.

"Halafu banasema nirudie mara ya ine."

"Ile ya ine, ulifanya aje?"

Kamanda akamtazama. Nikaona anaitafuta ile sauti yake ya kila Jumapili, ya mwewe na sigara, halafu akaiacha.

"Sikufanya kitu," akasema. "Niliogopa vilevile, labda zaidi. Ule mwalimu akanikaribia ku sikio, akaniuliza, mama yako anaitwa nani? Nikafungua kinywa nimujibu, akanisukuma. Jina ya mama nilimalizia kule mu hewa, minaita kama mutoto. Ya tano pia niliogopa. Zote niliogopa. Ila miguu ilikuwa imeshayua kama woga haiuwi mutu."

Mjukuu wangu akacheka. Alicheka kwa nguvu, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, yakatoka tena. "Mi minaogopa," akasema. "Minaogopa sana, sogokuru. Silali. Nikifunga macho naanguka. Nilikuwa nafikiri mutu akiogopa, ile kazi haiko yake."

"Reka da! Hapana, ni yako, mutoto wangu," Kamanda akasema. "Woga haikatazi kitu. Enda na woga yako."

Mimi nilikaa pale na sahani ya sambaza. Nikasema, "Kwa nini hukuniambia mimi? Niko nyumbani kila siku. Niliruka. Ningekueleza."

Alinigeukia kwa adabu, kama anavyofanya siku zote. Hana mdomo mchafu, nilimlea vizuri.

"Nyogokuru, we haukuogopa."

"Ndiyo maana ungeniuliza mimi!"

"Na ulisema mi siko kama hawa. Kila Yenga ukirudi kutoka hapa, unabacheka mpaka tunalala. Huyu muoga, huyu domo tupu, huyu bure kabisa. Nikikaa jikoni nasikia." Akainamisha kichwa. "Ningekuambia minaogopa, ungenicheka namna ile ile."

Nilitaka kumwambia si kweli. Nilitafuta siku moja, hata moja, ambayo nilimsikia mtu mwoga nisimcheke. Wa magurudumu alikuwa anatazama magurudumu ya pikipiki zinazopita. Hakuna aliyenisaidia.

Alijibu ndiyo, jioni ile ile, pale pale mezani, Kamanda akimshikia soda. Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka kwenye mabasi. Mama yake alilia, mimi nilimpa sweta na nasaha, akavipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Kisha akaenda kwa yule mzee mwenye bereti ya mitumba, ambaye nani alimwalika sijui, akamkumbatia shingoni, wakakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi.

Sasa ni Jumapili nyingi zimepita. Usidhani wamebadilika. Wa magurudumu wiki iliyopita alipambana na radi. Kamanda amerudi juu ya mti wake na sigara yake, anatia chumvi kuliko zamani, na mimi bado namdharau kwa hilo, tena sana. Ila nikifungua mdomo nimwambie, nakumbuka jikoni kwangu mtu anaweza kusikia, hata kama jikoni sasa hakuna mtu.

Kule kambini kwa mjukuu wangu wanaruhusiwa kupiga simu siku ya Jumapili, simu moja tu. Jumapili moja nilikuwa nimeweka simu yangu mezani, kioo juu, sauti mwisho kabisa. Ikalia ya Kamanda. Akainuka, akaenda kusimama barabarani, kidole kimoja sikioni, mgongo umenigeukia. Nikamwona anaitikia kwa kichwa, anaitikia, anacheka, anafuta macho na ile bereti. Alizungumza mpaka bia yake ikaisha povu. Aliporudi, simu ilikuwa imeshakatwa.

"Aliruka?" nikamuuliza.

"Aliruka. Alisukumwa." Akakaa, akanisogezea sahani ya sambaza karibu zaidi. "Anakusalimia sana, mama."

Nikapokea salamu za mjukuu wangu kutoka mdomoni mwa mwongo yule, nikamwomba arudie alivyosema, neno kwa neno, asitie chumvi.